Onyo Linalofika Usiku: Jinsi Redio ya Tahadhari ya Hali ya Hewa Inavyounganishwa na Ripita

Mvua haichagui saa ya kunyesha, lakini madhara yake huwa makubwa zaidi inapowakuta watu usingizini. Mnamo Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi yalifunika nyumba usiku. Tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yalipasua njia na kuingia vijijini kabla ya mapambazuko. Katika kila kisa, makumi ya watu walipoteza maisha.

Baada ya maafa kama haya, swali la kwanza huwa ni moja: je, watu waliambiwa? Katika msimu wa mvua wa 2024, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa tahadhari za mvua kubwa mara kadhaa. Tatizo mara nyingi liko kwenye hatua ya mwisho, yaani safari ya habari kutoka ofisi ya utabiri hadi kwenye sikio la mtu aliyelala, stima imepotea, simu imezimwa ili chaji isiishe, na mnara wa mtandao wa karibu nao umezimika.

Nchini Marekani, hatua hiyo ya mwisho ilitafutiwa dawa kwa njia mbili zinazokamilishana. Ya kwanza ni redio ya nyumbani inayojiwasha yenyewe onyo linapotolewa. Ya pili ni kuiunganisha redio hiyo na ripita ya waendeshaji redio wa ridhaa ili onyo lisikike na watu walio barabarani, mashambani na kwenye vituo vya uokoaji. Makala haya yanaeleza jinsi mpango huo unavyofanya kazi, kwa nini vifaa vyake havifanyi kazi vivyo hivyo hapa Kenya, na ni somo gani linaloweza kumfaa mkazi wa kando ya mto au wa mteremkoni.

Redio inayojiwasha yenyewe

Idara ya hali ya hewa ya Marekani, National Weather Service, huendesha mtandao wa redio uitwao NOAA Weather Radio. Mtandao huo una vituo zaidi ya 1,000 na hutumia masafa saba tu, kuanzia 162.400 MHz hadi 162.550 MHz. Vituo hivyo husoma utabiri na maonyo saa 24 kila siku, bila muziki na bila matangazo ya biashara. Redio ya kawaida ya FM haiwezi kuvishika kwa sababu masafa hayo yako juu ya yale ya FM. Mtu hununua kipokezi maalumu.

Mtandao huo ulipanuliwa sana baada ya vimbunga vya tarehe 3 na 4 Aprili 1974, vilivyoua zaidi ya watu 300 katika majimbo kadhaa kwa muda wa saa 24 hivi. Funzo lililopatikana ni kwamba onyo linalotegemea mtu awe amewasha televisheni au redio kwa wakati huo halitoshi.

Ndiyo sababu kipokezi cha tahadhari kimeundwa kukaa kimya. Kinasikiliza wakati wote, lakini spika yake imefungwa. Kituo kinapotaka kutoa onyo, hutangulia kutuma mlio wa 1050 Hz. Kipokezi kikiusikia mlio huo, hufungua spika na kupiga king'ora, hata iwe saa tisa usiku. Vipokezi vingi vina nafasi ya betri, hivyo stima ikipotea vinaendelea kusikiliza.

Mfumo wa zamani wa mlio pekee ulikuwa na kasoro moja. Kituo kimoja hufikia eneo la kilomita 60 hivi kila upande, na eneo hilo linaweza kuwa na kaunti nyingi. Mtu aliamshwa kwa sababu ya kimbunga kilicho mbali naye, mara ya pili akaamshwa tena bure, na mara ya tatu akaichomoa redio kwenye ukuta. Onyo linalomsumbua asiyehusika humfundisha kulipuuza.

Dawa yake ilikuwa msimbo uitwao SAME. Kabla ya sauti ya mtangazaji, kituo hutuma milio mifupi ya kidijitali ambayo ni kama anwani kwenye bahasha. Anwani hiyo hurudiwa mara tatu ili hata moja ikiharibika kwa radi, mbili zilizobaki zisaidie kuisahihisha. Ndani yake mna mambo manne ya msingi: nani ametoa onyo, ni onyo la nini, linahusu kaunti gani, na litadumu kwa muda gani.

Kwa mfano, herufi TOR maana yake ni onyo la kimbunga, na FFW ni onyo la mafuriko ya ghafla. Namba 018163 inamaanisha Kaunti ya Vanderburgh katika jimbo la Indiana: 18 ni namba ya jimbo na 163 ni namba ya kaunti. Alama +0045 inamaanisha onyo litadumu dakika 45. Mwenye redio huingiza namba ya kaunti yake mara moja, na kuanzia hapo redio humwamsha kwa yanayomhusu tu. Onyo likimalizika kusomwa, kituo hutuma herufi NNNN mara tatu, na kipokezi hurudi kimya.

Kaunti hiyo ya Vanderburgh haikutajwa hapa bure. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 2005, yapata saa nane usiku, kimbunga kilipiga eneo la mji wa Evansville na kuua zaidi ya watu 20. Wengi wao walikuwa wamelala katika makazi ya nyumba za kuhamishika. Onyo lilikuwa limetolewa. Baadaye jimbo la Indiana lilipitisha sheria inayotaka nyumba mpya za aina hiyo ziwekwe redio ya tahadhari.

Ripita ni nini?

Waendeshaji redio wa ridhaa ni wananchi wa kawaida waliofanya mtihani, wakapewa leseni na alama ya wito, na kuruhusiwa kuwasiliana kwa redio bila kulipwa. Wengi wao hutumia redio ndogo za mkononi zenye nguvu ya wati 5 hivi. Mtu akiwa bondeni, redio kama hiyo hufika kilomita chache tu, kwa sababu mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na vilima na majengo.

Ripita ndiyo inayotatua jambo hilo. Ni kituo kinachowekwa juu ya kilima au mnara, kikiwa na redio mbili ndani yake. Moja hupokea sauti kwenye masafa fulani, na nyingine huirusha sauti ileile papo hapo kwenye masafa mengine kwa nguvu kubwa zaidi. Katika masafa ya mita 2, tofauti kati ya masafa hayo mawili kwa kawaida ni kHz 600. Mtu aliye upande mmoja wa kilima huzungumza na ripita, na aliye upande wa pili humsikia kana kwamba wako bonde moja.

Ubongo wa ripita ni kifaa kinachoitwa kidhibiti. Hicho ndicho kinachoamua lini kirushio kiwashwe na lini kizimwe, kinachotuma alama ya wito ya kituo kwa vipindi vinavyotakiwa na sheria, na kinachokata mazungumzo yakizidi muda uliowekwa. Vidhibiti vingi vina mlango wa ziada wa kuunganishia chombo kingine. Redio ya tahadhari huingilia kwenye mlango huo.

Kuunganisha vyombo hivi viwili

Kwa mtu asiye fundi, inaweza kuonekana kwamba kazi ni kupitisha waya mmoja tu kutoka kwenye spika ya redio ya tahadhari hadi kwenye ripita. Anayefanya hivyo hupata tatizo mara moja. Kituo cha hali ya hewa husoma utabiri mchana na usiku bila kunyamaza. Ripita ikipewa sauti hiyo moja kwa moja, itarusha utabiri saa 24, mwenye dharura hatapata nafasi ya kuzungumza, na kirushio kitachemka hadi kiungue.

Kwa hiyo kinahitajika kitu cha kufanya kazi ya mlango, unaofunguka onyo linapokuja na kufungwa linapokwisha. Mafundi huunganisha mambo mawili, ishara na sauti.

Ishara hutoka kwenye soketi ya tahadhari iliyo nyuma ya baadhi ya vipokezi. Soketi hiyo ilikusudiwa kuwasha taa inayomweka au kutikisa kitanda cha mtu asiyesikia. Onyo likiingia, hutoa volti au hufunga swichi ndani yake, kulingana na aina ya kipokezi. Fundi huitumia kuendesha rilei ndogo, na rilei hiyo hukiambia kidhibiti cha ripita kwamba onyo limefika. Rilei hutenganisha umeme wa vyombo hivi viwili, ili hitilafu ya kimoja isiharibu kingine.

Sauti hutoka kwenye soketi ya spika ya nje. Sauti ya spika ina nguvu kubwa kuliko inayohitajika na kidhibiti, hivyo hupunguzwa kwa kirekebisha sauti kinachozungushwa kwa bisibisi. Kisha hupitishwa kwenye transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa moja kwa moja. Bila transfoma hiyo, umeme huzunguka kupitia nyaya za ardhi za vyombo viwili na kuleta mngurumo unaofunika maneno ya mtangazaji. Onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo lisilotolewa.

Baada ya hapo, kidhibiti hupangwa kufuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Ishara ya onyo ikiingia, kidhibiti husubiri hadi milio ya kidijitali na king'ora vipite.
2. Huwasha kirushio na kutaja alama ya wito ya kituo.
3. Hufungua mlango wa sauti ili maneno ya onyo yasikike.
4. Hufunga mlango kipokezi kinaporudi kimya, au baada ya dakika chache zilizopangwa, lolote litakalotangulia.
5. Huirudisha ripita kwenye matumizi ya kawaida.

Hatua ya nne ndiyo inayookoa ripita siku mambo yanapoharibika. Radi ikiharibu ile alama ya mwisho ya NNNN, kipokezi kinaweza kuendelea kusema hadi mtu akizime. Saa ya kidhibiti huhakikisha kwamba hata katika hali hiyo ripita inafunguka kwa watu wanaoihitaji.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi

La kwanza ni kuacha kipokezi kikiwa kimepangwa kwa maonyo yote na kaunti zote. Kila juma vituo vya Marekani hutuma jaribio, kwa kawaida siku ya Jumatano. Ripita inayorusha kila jaribio na kila taarifa ya upepo wa mbali huwachosha wasikilizaji wake, na siku ya onyo la kweli wengi watakuwa wamehamia masafa mengine. Makundi yenye uzoefu huchagua maonyo machache yanayohatarisha maisha na kuacha mengine yote.

La pili ni kuiacha milio ya kidijitali ipite kwenye ripita. Milio hiyo ni amri kwa vipokezi vingine. Ikirushwa upya mahali pasipokusudiwa, inaweza kuamsha mitambo isiyohusika. Kwa hiyo hukatwa, na maneno ya binadamu pekee ndiyo yanayopita.

La tatu ni kukiweka kipokezi kando ya antena ya ripita. Kirushio cha ripita kikiwaka, nguvu yake hukilemea kipokezi kilicho karibu na kukifanya kiziwi, kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono akiwa amesimama karibu na kengele. Onyo huanza vizuri kisha hukatika mara tu ripita inaposhika. Dawa ni kuitenga antena ya kipokezi mbali na ile ya ripita, au kuweka kichujio kinachoruhusu masafa ya hali ya hewa na kuzuia yale ya ripita.

La nne ni kusahau umeme. Ripita yenye betri kubwa ni kazi bure ikiwa kipokezi cha tahadhari kimechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Vyote viwili lazima vitegemee betri moja, na betri hiyo lazima ijaribiwe kabla ya msimu wa mvua.

Sheria nayo ina mpaka

Sheria ya Marekani hairuhusu kituo cha ridhaa kurusha upya matangazo ya vituo vingine. Taarifa za hali ya hewa zinazotoka vituo vya serikali kwa ajili ya umma zimeruhusiwa, lakini kwa masharti: zirushwe kwa ajili ya waendeshaji wa ridhaa wenyewe, na iwe mara moja moja, si kama kipindi cha kila siku. Mlango unaofunguka kwa onyo pekee unafuata sheria hiyo, na pia unafuata busara. Ripita ya ridhaa haikusudiwi kuchukua nafasi ya redio ya taifa.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha ripita iwe huru. Waendeshaji wengi wa ridhaa nchini humo ni waangalizi wa kujitolea katika mpango uitwao Skywarn. Onyo likisikika, wao hutazama mto, wingu na barabara iliyo mbele yao, kisha huripoti kwa ofisi ya hali ya hewa walichokiona. Ofisi huyatumia hayo kusahihisha onyo au kuliongezea uzito. Kwa njia hiyo ripita hupeleka onyo kwa watu na kurudisha habari kutoka kwa watu. Ikizibwa na matangazo, upande wa pili wa kazi hiyo hufa.

Hali ikoje hapa Kenya?

Jambo la kwanza ambalo mkazi anapaswa kulijua linahusu mfuko wake. Redio zenye maandishi ya NOAA, au zenye kitufe cha herufi WX, huuzwa mijini na mitandaoni, mara nyingi zikiwa na tochi, paneli ndogo ya sola na mkono wa kuzungusha ili kuchaji. Kenya haina mtandao wa vituo vya tahadhari kwenye masafa hayo. Mtu akikibonyeza kitufe hicho hapa, atasikia mkwaruzo au kimya. Redio hiyo inaweza kumfaa kwa FM, kwa tochi na kwa kuchaji simu, lakini haitamwamsha usiku mto utakapofurika. Kuinunua kwa matumaini hayo ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mwenye nayo hulala akiamini kwamba ana mlinzi.

Jambo la pili linahusu leseni. Redio za mkononi za kupokea na kurusha hupatikana kwa bei nafuu siku hizi, lakini kurusha bila kibali ni kosa la kisheria. Mamlaka ya Mawasiliano Kenya ndiyo inayotoa leseni, zikiwemo za waendeshaji wa ridhaa, ambao alama zao za wito huanza kwa 5Z4. Katika kanda ya Afrika na Ulaya, masafa ya ridhaa ya mita 2 ni kuanzia 144 MHz hadi 146 MHz. Masafa yaliyo nje ya hapo hutumiwa na polisi, ambulansi, ndege, vyombo vya majini na makampuni. Kijana anayebonyeza kitufe kwa mchezo anaweza kufunika wito wa ambulansi. Wanaotaka kujifunza kwa njia halali wanaweza kuanzia kwa chama cha waendeshaji wa ridhaa, Amateur Radio Society of Kenya.

Kanuni za kimataifa za redio, ambazo Kenya ni mshiriki wake, zinazihimiza nchi kuwawezesha waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya wakati wa maafa. Kwa hiyo mchango wao unatambulika. Kinachotakiwa ni kuwa na leseni, mafunzo na mpango unaojulikana kabla ya siku ya tukio.

Jambo la tatu ni kwamba Kenya ina njia zake. Idara ya Hali ya Hewa ina mkurugenzi wake katika kila kaunti, na utabiri hutolewa kwa siku, kwa juma, kwa mwezi na kwa msimu. Chini ya mpango wa RANET, redio ndogo za jamii zilianzishwa katika maeneo yenye hatari ili kutangaza utabiri kwa lugha za wenyeji. Kangema katika Kaunti ya Murang'a, inayojulikana kwa maporomoko ya ardhi, ina kituo cha aina hiyo, na Budalangi katika Kaunti ya Busia, inayojulikana kwa mafuriko ya mto Nzoia, ina Bulala FM. Redio hizi zina faida ambayo kipokezi cha Marekani hakina: mtangazaji anaijua njia ya kwenda mtoni, anaujua mlima uliopasuka mwaka uliopita, na anazungumza lugha ya nyanya asiyesoma ujumbe wa simu.

Upungufu wake ni uleule uliowasumbua Wamarekani kabla ya 1974. Redio ya FM humfikia yule aliyeiwasha tu. Usiku ikizimwa, onyo hupita juu ya paa.

Somo linalobaki

Ukiondoa masafa na nyaya, mpango wa Marekani umejengwa juu ya mambo manne ambayo hayahitaji kipokezi chochote cha kuagiza kutoka nje.

Kuna anayesikiliza wakati wote. Kule ni mashine. Kijijini anaweza kuwa mtu, au watu wanaopokezana zamu katika usiku ambao tahadhari imetolewa. Kundi la Nyumba Kumi linaweza kukubaliana nani ataacha simu yake wazi na redio ikiwa imewashwa hadi saa sita, na nani atampokea hadi alfajiri.

Onyo lina anwani. Kusema "mvua kubwa inatarajiwa" hakumwambii mtu afanye nini. Kusema "walio chini ya daraja, kando ya mto, wahamie shuleni sasa" kunamwambia. Anayepitisha habari kijijini ataje mahali, hatari na saa.

Onyo lina mwisho. Watu wakihamishwa, waambiwe pia lini ni salama kurudi. Wasioambiwa hurudi kwa kukisia, na wengine hurudi mapema mno.

Habari hurudi ilikotoka. Mkazi anayeona ufa mpya mteremkoni, chemchemi iliyogeuka tope, kalvati iliyoziba au mto uliopungua ghafla wakati mvua inanyesha, ana habari ambayo mtaalamu aliye Nairobi hana. Mto unaopungua wakati wa mvua huweza kumaanisha kwamba umezibwa juu na utafumuka. Habari hiyo ifike kwa chifu, msimamizi wa wadi au ofisi ya kukabiliana na majanga bila kusubiri asubuhi.

Mkazi afanye nini kabla ya mvua na wakati wa mvua?

• Apate utabiri wa kaunti kutoka Idara ya Hali ya Hewa, redio ya jamii au ofisi ya chifu, na asisambaze sauti za WhatsApp zisizojulikana zilikotoka.

• Aweke nyumbani redio ya FM inayotumia betri, na betri za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji.

• Achaji simu mapema siku ambayo tahadhari imetolewa, na asiizime usiku huo.

• Akubaliane na majirani ishara moja ya sauti inayojulikana na wote, iwe ni filimbi, kengele ya shule, kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti, na ishara hiyo ijaribiwe mchana kabla ya msimu.

• Ajue ni nani kijijini hawezi kusikia, kuona au kutembea, na nani atampitia mlangoni.

• Asivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu za maji hayo zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi.

• Akihitaji msaada wa dharura apige 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana kwa namba 1199.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kila mtu duniani kulindwa na mfumo wa onyo la mapema ifikapo mwisho wa 2027. Minara, setilaiti na rada zitafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini pale Evansville onyo lilikuwa limeshatolewa, na bado watu walikufa wakiwa wamelala. Kwa kijiji kilicho kando ya mto, swali la kujibu kabla ya mvua ya kwanza ni moja: onyo likija saa nane usiku, nani atalisikia, na nani atabisha mlango wa jirani?